Vita vya Kifaru na Kipande cha Sabuni

Nyamazeni, ninyi mliozoea kusimuliwa habari ndogo ndogo za wafalme na majeshi yao! Wekeni chini majembe, wekeni chini vikombe, na yule anayekohoa pale nyuma na akimalize kabisa kikohozi chake, maana hapa vinasimuliwa vita vikubwa kuliko vyote vilivyopata kupiganwa katika mji wa Tabora. Enyi wapagazi wa kale, mliopita Unyanyembe elfu kwa elfu, pembe begani na frasila mbili mbili za jasho mgongoni, mkaenda pwani na kurudi bila kuona kitu cha maana, amkeni kidogo! Inukeni mshuhudie yaliyotokea siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, mwaka wa kumi na nne wa Uhuru, katika ofisi ya Ushirika wa Nta na Asali, chumba namba tatu, mlango wa kushoto ukitoka chooni.

Damu haikumwagika. Ilimwagika chai, nusu kikombe, na mwenyekiti ndiye aliyeimwaga.

Basi shujaa wa habari hii ni Apolinaria binti Anton, mwenye vidole kumi visivyokosea, mlinzi wa stakabadhi za vijiji mia mbili na kumi na mbili, mwanamke ambaye kilo moja ya nta haikupata kupotea mbele ya macho yake tangu alipokabidhiwa ufunguo wa chumba. Mashujaa wengine hupewa farasi. Yeye alipewa Kifaru. Na Kifaru hakuwa mnyama, ingawa alinguruma. Alikuwa mashine ya kujumlishia, ya umeme, ya chuma kitupu, iliyoshushwa stesheni miaka minane nyuma ikabebwa na wanaume wanne mpaka ofisini, wakipokezana na kutukanana njia nzima. Tangu siku ile alikaa mezani, na meza ikapinda mgongo. Ukimbonyeza tarakimu na kumgonga kitufe kikubwa cha pembeni, alitetemeka, akasaga, akakohoa, kisha akatema utepe wa karatasi wenye hesabu iliyonyooka. Chumba cha jirani walijua kila mara Apolinaria alipojumlisha, na chumba kilichofuata walijua pia.

Wakaishi hivyo kwa amani, binti na Kifaru wake, mpaka aliporudi Modest.

Modest mwana wa Damas alikuwa kijana wa Nzega, ofisa wa takwimu, aliyepelekwa Dar es Salaam kwenye kozi ya miezi mitatu akarejea na suruali pana chini na maneno mengi juu. Lakini si suruali iliyotikisa dunia. Kilichoitikisa kilikuwa mfukoni mwa shati lake: mashine ya hesabu nyeusi, ndogo, yenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia kilichokwisha kufua mara mbili, inayokula betri nne na kuonyesha tarakimu nyekundu kama makaa. Haikunguruma. Haikutikisika. Ulibonyeza, na jibu likawa limeshafika kabla hujaondoa kidole.

"Ndugu zangu," alinena Modest siku ya kwanza, amesimama katikati ya chumba cha Apolinaria kama aliyetumwa na nchi, "zama za kukaa zimepita! Hii haihitaji meza, haihitaji waya, haihitaji wanaume wanne. Hii inakwenda Kaliua, inakwenda Tura, inakwenda porini kwenye mizinga yenyewe, na nyuki wakitaka wataona hesabu yao wenyewe. Na kwa mbio, huyo mzee wenu wa chuma haoni ndani."

"Umemaliza?" aliuliza Apolinaria.

"Nimemaliza, dada."

"Basi sogea, umenizibia mwanga."

Lakini ndani ya moyo wake alikuwa ameshtuka, tena sana, kwa sababu maneno yale yalimfikia mwenyekiti. Na mwenyekiti, Ndugu Dionis Lugembe, simba wa vikao, baba wa ajenda, ambaye hakupata kufungua mdomo akaufunga siku hiyo hiyo, aliyapenda sana maneno yaliyokwisha kusemwa na mtu mwingine. Akaitisha mkutano. Wakaja makarani, akaja mpiga chapa, akaja mfagizi, maana siasa yetu haibagui.

"Wananchi wenzangu!" akanguruma mwenyekiti. "Taifa changa haliwezi kuwa na mashine mbili za kazi moja. Moja ikifanya kazi, ya pili inakuwa kupe. Sasa kupe ni nani? Hatuwezi kuamua kwa macho, kwa sababu kwa macho Kifaru ni mkubwa. Wala hatuwezi kuamua kwa masikio, kwa sababu kwa masikio Kifaru ni mkubwa zaidi. Tutaamua kwa saa! Mashine zote mbili zitajumlisha nta ya vijiji vyote, na itakayotangulia ndiyo itakayotawala ofisi hii. Akishinda Kifaru, kipande cha sabuni kitakwenda kutembea vijijini, ndiko kunakokifaa. Kikishinda kipande cha sabuni, Kifaru ataingia stoo, na mwendeshaji wake atahamia Kaliua kuhesabu madebe matupu."

"Kwa nini matupu, Ndugu Mwenyekiti?" aliuliza mpiga chapa.

"Kwa sababu yaliyojaa yanajulikana," akajibu mwenyekiti, na mkutano ukapiga makofi.

Hapo ndipo mwiba ulipomchoma Apolinaria. Kaliua penyewe hapakumtisha. Watu wanaishi Kaliua, wanazaa, wananenepa. Tatizo lilikuwa mama yake. Bi Bernadeta alikuwa na miaka sabini kasoro, macho ya kuungaunga, mguu mmoja wa kulia na mmoja wa kulalamika, na hakuwa na mtu mwingine duniani ila huyo binti mmoja. Na Bi Bernadeta alikuwa amekula kiapo, tena mbele ya padri, kwamba hatapanda treni hata siku moja, na Kaliua huendwa kwa treni.

"Babu yako," alisema jioni ile, Apolinaria alipomweleza, "alikwenda pwani kwa miguu na akarudi kwa miguu, mzigo kichwani. Leo mimi mwanawe nipakiwe kama gunia la karanga? Wewe nenda. Mimi niache hapa hapa, watanikuta."

"Nani watakukuta, mama?"

"Watakaonikuta."

"Mama, sikuachi."

"Basi shinda," alisema Bi Bernadeta, akaendelea kuchambua mchicha.

Siku nne Apolinaria hakupata usingizi wa maana wala hamu ya chakula. Alimsafisha Kifaru kwa kitambaa na mafuta ya cherehani, akampangusa kila jino, akamnong'oneza maneno ambayo mtu humnong'onezea ng'ombe anayezaa. Alijipima mwenyewe, akajua ukweli: Kifaru alimeza stakabadhi kumi na tatu kwa dakika, asizidi hata ukimpigia magoti. Modest na sabuni yake walimeza kumi na tisa. Hesabu ilikuwa nyepesi, na yeye kazi yake ilikuwa hesabu.

Ikafika Jumatano! Jua likapanda juu ya miembe na minara, na ofisi ikajaa mpaka dirishani. Mwamuzi alikuwa Bwana Rasiklal, mwenye duka la saa karibu na soko, aliyeombwa kwa kuwa hakuwa mwanachama wa upande wowote na kwa kuwa alikuwa na saa ya kubonyeza, ile ile inayopimia mbio za wanafunzi. Naye hakukosa hotuba, maana siku ile hata paka wa ofisi angepewa nafasi.

"Miaka thelathini natengeneza saa za mji huu," alisema Bwana Rasiklal, akiinua saa yake juu ili wote waione, "na sijapata kuona mtu wa Tabora mwenye haraka. Leo nitaona wawili kwa mpigo. Namshukuru Mungu kwa kunipa uhai."

Stakabadhi zilikuwa na nakala mbili, kwa hiyo kila mpiganaji alipewa bunda lake. Apolinaria akaketi, akavuta kiti, akapiga ishara ya msalaba, akamgusa Kifaru shavuni. Modest akaletewa kiti, akakikataa. Akaletewa meza, akaikataa kwa dharau kubwa zaidi. Akapanga stakabadhi zake juu ya kizingiti cha dirisha, akasimama wima, mashine katika kiganja cha kushoto, vidole vya kulia vikiwa tayari.

"Na kalamu?" aliuliza Bwana Rasiklal. "Hutaandika jumla ndogo ndogo njiani?"

"Kalamu ni ya wasioamini," akajibu Modest.

Bwana Rasiklal akabonyeza saa.

Loo! Nani ataweza kuyasimulia yale? Kifaru alinguruma hadi vioo vikatetemeka. Utepe ukamtoka kinywani ukajisokota mezani, ukashuka sakafuni, ukamtambaa mfagizi miguuni. Apolinaria aliinama kama mama anayekanda unga wa harusi, mkono wa kushoto ukifunua, wa kulia ukipiga, jasho likimtiririka pembeni mwa pua. Na kule dirishani, bila sauti, bila jasho, Modest alikuwa akifunua na kubonyeza, akifunua na kubonyeza, na tarakimu zile nyekundu zikipanda kama homa. Alikuwa hata akipiga mluzi. Mwenyekiti alisisimka sana, na hapo ndipo ilipomwagika ile chai.

Dakika ya tano, Modest alikuwa ametangulia kwa stakabadhi thelathini. Dakika ya kumi alikuwa amefika mia na tisini, zimebaki ishirini na mbili tu, na Apolinaria alikuwa kwenye mia na thelathini na moja. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akaanza kuona madebe matupu, safu kwa safu, na nyumba yenye mchicha usiochambuliwa.

Mlango ukafunguliwa.

Akaingia Bi Bernadeta, furushi kichwani, mkeka uliokunjwa kwapani, fimbo mkononi. "Hodi humu!" akasema, alipokwisha kuingia.

Sasa, enyi wa mbali msiojua mambo ya huku, sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo majeshi yalipogeuka. Mama mzee akiingia mahali, watu husimama. Wakishasimama humwamkia, na kumwamkia si kumtupia shikamoo kama mtu anayemtupia kuku mtama. Unampa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unaushika ule wa kulia kwenye kiwiko, na mgongo unainama. Mikono yote miwili inatakiwa, mitupu. Ukimwamkia mzee na kitu mkononi ni sawa na kumwambia, pita upesi, nina kazi. Nzega kwao Modest, mtoto hupigwa kibao kwa kosa hilo kabla hajaota meno ya pili.

Na Bi Bernadeta alianzia dirishani.

"Hamjambo, wanangu?"

Modest akamtazama mama, akaitazama mashine. Kozi ya miezi mitatu ilishindana na mama yake mzazi wa Nzega, aliyemlea miaka kumi na tisa, na kozi ikashindwa papo hapo. Hakuwa na meza, kwa sababu aliikataa. Hakuwa na kiti. Kizingiti kilijaa stakabadhi. Akaitumbukiza mashine katika mfuko wa suruali, akainama, akatoa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Kwenu hawajambo? Wewe ni wa wapi?"

"Wa Nzega, mama."

"Nzega kwa nani?"

"Kwa mzee Damas, yule aliyekuwa fundi wa visima."

"Ala! Damas wa visima! Bado ana kile kikohozi?"

Kikohozi cha mzee Damas kikaulizwa mwanzo hata mwisho, na mvua za Nzega zikaulizwa, na mtama, na shangazi fulani aliyeolewa Ndala. Apolinaria naye alikuwa ameshasimama, ameacha Kifaru kinywa wazi na utepe umening'inia, amepiga goti kama impasavyo binti. Alimwamkia mama, akamtafutia kiti, akamtua furushi bila kuuliza lina nini, akaenda nyuma kwenye mtungi kumletea maji. Na maji hayaletwi mbio. Kisha mwenyekiti akaamkia, na Bwana Rasiklal akaamkia, na saa yake ikawa inakimbia peke yake mkononi mwake pasipo mtu wa kuitazama.

Modest ndiye aliyeachiwa kwanza. Akageuka dirishani, akaingiza mkono mfukoni, akaitoa mashine, akaitazama. Kitufe chake cha pembeni kilikuwa kimesukumwa na kitambaa cha mfuko. Yale makaa yalikuwa yamezimika. Akaiwasha, ikamwonyesha sifuri moja, nyekundu, nzuri.

Vijiji mia na tisini vikawa vimerudi porini.

"Yesu na Maria," akasema Modest polepole. Kisha, bila neno jingine, akafunua stakabadhi ya kwanza na kuanza upya, na safari hii hakupiga mluzi.

Apolinaria aliporudi kutoka mtungini alikuta habari imeshaenea chumba kizima. Furaha ilimpanda mpaka masikioni. Ikafuatwa na aibu, maana alijua adui yake ameangushwa na adabu, na mzee aliyeamkiwa ni mama yake mwenyewe. Lakini hakusimama kuipima aibu. Akamtazama Kifaru. Mzee wa chuma alikuwa pale pale alipoachwa, na mia na thelathini na moja yake tumboni, kilo kwa kilo, na ushahidi wote umelala sakafuni juu ya utepe. Yeye hakuwahi kwenda popote, kwa hiyo hakupoteza kitu. Akaketi akampiga.

Mbio zikawa mbio kweli! Stakabadhi ya mia kule, mia na arobaini huku. Mia na thelathini na nane kule, mia na sitini na sita huku. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti, wengine wakimshangilia Kifaru, wengine sabuni, mfagizi akizishangilia zote. Modest alifika mia mbili na tano, zimebaki saba, saba tu, Kifaru alipotoa mkoromo wa mwisho na kutema jumla kuu: kilo elfu arobaini na moja, mia tatu themanini na sita.

"Kifaru!" akapaza sauti Bwana Rasiklal, akabonyeza saa.

Modest akamaliza saba zake, kwa heshima ya kazi. Akaitazama tarakimu yake nyekundu: elfu arobaini na moja, mia tatu themanini na sita. Ilikuwa ile ile. Akacheka, akaja akampa Apolinaria mkono, na mwingine ukaushika kiwikoni.

"Dada, kwa mbio nimekupita," alisema, "na wewe unajua."

"Najua."

"Lakini mashine isiyo na pa kuwekwa mtu anapoamkia, huku kwetu itafika wapi? Kwanza niitafutie mkoba."

Mwenyekiti alikuwa ameshapanda juu ya kiti. "Andika!" alimwambia mpiga chapa. "Andika, nakala tatu! Leo imethibitika kisayansi kwamba mashine ya mezani ina utulivu, ina kumbukumbu, na ina adabu, mambo matatu ambayo ni nguzo za maendeleo. Ndugu Apolinaria anabaki! Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone, na leo amekuja, na amepona! Siku hii haitasahaulika katika historia ya nta!" Akaendelea kwa saa moja na robo, muda ambao Kifaru angejumlisha vijiji vyote mara nne na ushee, na sabuni mara sita.

Zilipokwisha hotuba, shujaa akamwendea mama yake, machozi yakimlengalenga.

"Mama, nimeshinda. Hatuendi Kaliua."

Bi Bernadeta akaitazama fimbo yake, akalitazama furushi.

"Hatuendi?"

"Hatuendi, mama. Lakini hili furushi ni la nini?"

"La nini! Nguo zangu hizo, na sufuria mbili, na rozari. Jana nimekuona unakula ugali kama unakula mchanga. Nikasema, basi, nipakiwe. Nimekuja kukuambia twende, uache kuhangaika na hilo lichuma." Akavuta pumzi. "Padri nimeshamwomba anifungulie kiapo. Majirani wote nimewaaga, mlango kwa mlango. Mama Flavia amelia. Ungeniambia mapema kama unajua kushinda."

Apolinaria akakaa sakafuni, juu ya utepe wa ushindi, akacheka na kulia kwa pamoja, kichwa magotini mwa mama yake.

"Na kinu nimempa jirani Mwanahawa," aliongeza Bi Bernadeta kwa sauti ndogo.

"Kinu, mama? Kile cha bibi?"

"Ningekibebaje kwenye treni?"

Basi hivyo ndivyo alivyorejea nyumbani mshindi wa vita vikuu vya Tabora: furushi kichwani, mkeka kwapani, mama yake nyuma akichechemea, wakipita uchochoro wa nyuma ya soko, kwenye vyoo na majani ya migomba, kwa sababu Bi Bernadeta aliona haya kuonekana na watu aliokwisha kuwaaga. Kifaru alibaki ofisini, akatawala miaka mingine sita. Tarehe ile imeandikwa, nakala tatu, na kila aliyekuwapo anaijua.

Kinu kiko kwa Mwanahawa mpaka leo. Kukidai kitu ulichokitoa kwa kuaga ni vita ambavyo hata Apolinaria binti Anton, mwenye vidole kumi visivyokosea, hakuthubutu kuvianza. Kila Jumamosi asubuhi huenda pale mlangoni, humwamkia Mwanahawa kwa mikono yote miwili, na kumwomba amwazime.